Baba Hakuteleza Bafuni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na lile bomba la jikoni limeacha kudondosha maji. Kama bado linadondosha, usimwite tena yule fundi wa mara ya mwisho, maana alitengeneza bomba akaharibu sinki. Mama mdogo hajambo? Majirani nao hawajambo? Mimi huku ni mzima, kazi zipo, friji za watu zinaendelea kuharibika, namshukuru Mungu. Baba naye ni mzima kabisa, ukiacha mkono.

Najua ukifika kwenye neno mkono utataka kuruka mistari yote kwenda kutafuta habari za mkono. Tafadhali, Mama, usiruke. Vuta kiti ukae. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikishika simu Baba anakuja kusimama karibu yangu kama askari wa getini. Halafu na wewe, nikikupigia, unaniuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza, najikuta nasema tu "ndiyo Mama," na hizo "ndiyo Mama" zangu ndizo zimetufikisha hapa tulipo.

Ulipomleta Baba kwangu ili awe karibu na hospitali ya goti lake, uliniachia maagizo. Dawa baada ya chakula. Asipande ngazi. Asikae kwenye upepo. Asibebe hata ndoo ya maji ya kunawia. Nilifuata yote. Nilimwachia kitanda nikalala chini kwenye godoro, nikamnunulia kiti chenye mikono nikakiweka karibu na dirisha ili atazame wapita njia. Baba akakaa. Mama, alikaa! Wewe unajua alivyokuwa akikaa huko nyumbani tangu astaafu kazi ya ghalani, lakini nyumba yako ina vyumba vya kupishana. Mimi nina vyumba viwili, na kimoja kimejaa friji za wateja. Asubuhi namwacha kwenye kiti, suruali ina mkunjo wa pasi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Mchana namkuta vilevile, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Nikimuuliza kama amekula, hakuwa na njaa. Nikimuuliza anataka nini, hana haja. Siku moja nilikuta amezipanga spana zangu zote kwa ukubwa, na akanijulisha kwamba moja haipo. Hiyo ndiyo siku aliyoongea sana.

Sikukueleza hayo kwenye simu. Ulipouliza anaendeleaje, nilisema anapumzika. Nikajiambia si uongo, maana mtu aliyekaa kutwa nzima huwezi kusema anafanya kitu kingine.

Sasa ngoja nikuingize kwenye habari za watoto, utaona zinavyokutana na za Baba. Duka la kunyolea nywele limepakana na karakana yangu, na kinyozi mwenyewe ndiye kocha wa timu ya watoto wa mtaa, wavulana kwa wasichana, wale ambao bado meno yao hayajamaliza kupangana. Kinyozi anapenda magoli. Mazoezi yake yote ni kupiga mashuti. Matokeo yake timu ilikuwa ikifunga magoli manne inafungwa saba, na yeye anarudi nyumbani akiimba kwa sababu ya yale manne. Siku moja akiwa ananinyoa, wembe uko shingoni, akaniuliza kama ni kweli enzi zangu nilikuwa nacheza beki. Nikakubali. Akasema basi kuanzia kesho mabeki ni wako. Mtu aliyekuwekea wembe shingoni huwezi kubishana naye, Mama. Nikasema sawa.

Nilikabidhiwa mabeki wanne, lakini nitakusimulia wawili, maana wengine wawili walikuwa watoto wa kawaida tu.

Wa kwanza wanamwita Zulia, kwa sababu muda wote yuko chini. Akimwona adui anakuja na mpira, hata kama bado yuko mbali, anajitupa mwili mzima, miguu mbele, vumbi linatimka. Adui anasubiri vumbi litulie, anampitia pembeni, anaendelea na safari yake. Mama yake alinifuata karakanani akaniuliza kwa upole kama hakuna namna ya kucheza mpira bila kufua.

Wa pili ni msichana, binti wa muuguzi, na wenzake wanamwita Samahani. Huyu mtoto amelelewa, Mama, amelelewa mpaka imekuwa tatizo. Mkikutana mlangoni anakupisha. Uwanjani pia alikuwa anapisha. Adui akija mbio, yeye anarudi nyuma, anarudi, anarudi, anasogea pembeni, na mwisho wanaingia golini wote wawili kama wageni waliokaribishwa pamoja. Na ikitokea kwa bahati mbaya akaugusa mpira wa mwenzake, anasema "samahani" na kumrudishia.

Nikaanza kazi. Niliwaeleza kwamba kumkaba mtu mkiwa wawili tu, wewe na yeye, haihitaji mabavu. Mwendee haraka wakati mpira bado uko njiani kumfikia. Ukimkaribia, punguza mwendo, hatua fupifupi. Kunja magoti. Usimkabili kifua kwa kifua, simama kiubavu, umzibie njia ya golini umwachie ya pembeni. Tazama mpira. Halafu, na hapa ndipo penye kazi, ngoja. Usijitupe. Ngoja mpaka ausukume mpira mbali kidogo na mguu wake, hapo ndipo unaweka wako. Nilichora ardhini kwa kijiti, nikapanga matairi, nikaonyesha kwa mwili wangu mwenyewe. Wakatikisa vichwa vyote vinne. Nikapuliza filimbi. Zulia akalala. Samahani akapisha.

Tatizo lingine lilikuwa mimi. Mtu akitaka kujifunza kukaba lazima awepo wa kukabwa, na mwili wangu unaujua. Nikija na mpira watoto wanasikia miguu yangu kabla hawajaniona. Walikuwa wananinyang'anya huku wakiongea habari za shule. Hawakujifunza kitu, na mimi nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba friji ghorofani.

Basi siku moja nilipita nyumbani kabla ya mazoezi, nikasahau funguo za karakana mezani. Baba akaziona. Unamjua, funguo za mahali pa kazi kwake si kitu cha kuachwa hovyo. Akavaa viatu vyake vyeusi vya ngozi, akaja nazo mpaka uwanjani, taratibu, akiulizia njia kwa watu. Nilipomwona nilishtuka nikafikiri kuna msiba. Akanipa funguo, akasimama kutazama. Baada ya muda akaniuliza:

"Huyo mtoto mbona amelala?"

"Anakaba, Baba."

"Anamkaba nani, ardhi?"

Wakati huohuo mpira ukatoka nje ukabingirika mpaka miguuni pake, naye akaukanyaga kwa kile kiatu cha kung'aa, ukatulia. Zulia akaja mbio kuuchukua. Baba hakuuachia. Yeye mpaka leo anasema ni mazoea ya ghalani, kwamba kitu hakitoki mpaka kiombwe vizuri. Zulia hakuomba. Zulia akajitupa. Baba akauvuta mpira nyuma kidogo kwa unyayo, kama mtu anayetafuta ndara chini ya kitanda, na Zulia akampita kwa kasi akaishia kwenye majani. Akanyanyuka, akarudi, akajitupa tena. Baba akauvuta tena.

"Umemaliza?" Baba akamuuliza.

Watoto wakaangua kicheko, na Baba naye akacheka. Mama, alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa na filimbi mdomoni, nikasahau kuitoa. Tulipofika nyumbani alikula sahani nzima, kisha akainua kifuniko cha sufuria kuangalia kama kuna kilichobaki.

Kesho yake, kabla sijafunga karakana, alikuwa amesimama mlangoni ameshavaa. Akasema anakuja kunishikia saa tu. Alishika saa siku moja. Siku iliyofuata alikuwa ndiye mshambuliaji wetu.

Usifikiri alikuwa anakimbia. Wewe mwenyewe unamjua, hata mvua haijawahi kumkimbiza. Na aliniambia mpira hajawahi kuucheza maishani mwake, utotoni yeye ndiye aliyekuwa akishikishwa mashati ya wenzake. Alichokuwa anafanya ni kusimama na mpira chini ya unyayo na kuongea. Anatazama juu na kusema ndege ile mbona iko chini hivyo. Mtoto anatazama juu, Baba anapita. Anamwambia mwingine kamba ya kiatu imefunguka. Mtoto anainama, Baba anapita, tena kwa mwendo wa mtu anayekwenda benki. Anaelekeza kichwa kushoto kama anakwenda kushoto, wote wanakwenda kushoto, yeye anabaki palepale akiwangoja warudi. Watoto walikasirika jamani. Zulia akaja kunishtakia kwamba Babu anadanganya. Baba akamwita.

"Mdomo wangu una mpira?"

"Hauna."

"Macho yangu yana mpira?"

"Hayana."

"Sasa unavitazamia nini?"

Kile nilichokuwa nimekihubiri wiki nzima na vijiti na matairi, Zulia alikielewa hapohapo. Ilibaki habari ya kulala chini. Baba akamwagiza siku inayofuata aje mazoezini amevaa shati lake jeupe la shule. Nilipinga. Mtoto akaja nalo, amelikunja mikono vizuri, na ungemwona alivyokaba siku hiyo! Magoti yamekunjwa, makalio chini, mikono pembeni, hatua ndogondogo, na kila miguu ikitaka kuruka anakumbuka shati, na nyuma ya shati anamkumbuka mama yake. Alikaa amesimama mpaka mwisho. Mama yake alikuja amefura, ameshaandaa maneno, akalikuta shati halina doa, akarudi nayo maneno yake nyumbani.

Samahani alitusumbua zaidi. Alikuwa anajua kila kitu, anasimama sawa, anangoja sawa, lakini wakati wa kuchukua mpira ukifika anaona haya. Baba akamkalisha kwenye tairi akamwambia, "Mimi unaniamkia, umefanya vizuri. Huu mpira haukukuzaa. Uchukue."

Akauchukua kweli. Akasema, "Samahani, Babu," kisha akamrudishia.

"Usinirudishie! Kimbia nao!"

"Lakini ni wako, Babu."

"Ulikuwa wangu!"

Mama, ilituchukua siku nyingi mpaka mtoto akakubali neno "ulikuwa." Lile "samahani" lenyewe halijamtoka mpaka leo. Baba alisema tuliache, anayenyang'anywa na kuombwa radhi anachanganyikiwa mara mbili.

Muda wote huo ulikuwa unapiga simu, unauliza kama anavaa fulana ya ndani, kama anakaa mbali na upepo. Nilisema ndiyo Mama. Fulana alikuwa anavaa, ilikuwa inaloa jasho tu.

Sasa tufike kwenye mkono.

Tulikuwa na mechi Jumamosi na timu ya mtaa wa ng'ambo ya barabara kuu. Wana winga mmoja anaitwa Pikipiki, kwa mbio na kwa kelele. Kwenye mechi iliyopita alitupita kila mara alipotaka. Watoto wetu walikuwa wanamwota. Alhamisi, mazoezi ya mwisho, Baba akatangaza kwamba leo yeye ni Pikipiki. Nikamwambia Baba, usikimbie. Akasema hawezi kuwa Pikipiki aliyesimama. Nikamkumbusha maneno yako. Akasema wewe hapa hupo. Hayo ni maneno yake, Mama, nayaandika kama yalivyo.

Samahani akasimama mbele yake. Baba akaanza na ndege. Msichana hakuinua macho. Baba akaja na kamba ya kiatu. Hakuinama. Baba akamuuliza mama yake anaendeleaje na kazi za hospitali, na mtoto, kwa adabu yake ileile, akajibu kwamba mama hajambo, anashukuru, bila kuondoa macho kwenye mpira. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Ndipo Baba, sijui alipatwa na nini, akausukuma mpira mbele akaanza kukimbia. Nimezaliwa, nimekua, nimeota ndevu, sikuwahi kumwona baba yangu akikimbia. Anakimbia na viwiko vimetoka nje, kifua mbele, kama mtu aliyebeba sinia. Samahani akarudi naye, kiubavu, hatua kwa hatua, hamwachii njia ya ndani, anamsukumia pembeni, anangoja. Na Baba akaugusa mpira kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia. Ukaenda mbele kidogo tu. Mtoto akaweka mguu, akaweka bega, akasema, "Samahani, Babu," akaondoka nao.

Baba akaendelea na safari peke yake, bila mpira, kisha bila miguu. Akaangukia mkono.

Kinyozi akapuliza filimbi akaonyesha faulo. Mimi nilikuwa nakimbilia kwa Baba, roho iko mkononi, na Baba pale chini, uso umejaa vumbi, akanyanyua ule mkono mzima na kupiga kelele, "Siyo faulo! Ni mpira safi! Refa, umesomea wapi?" Alibishana na kinyozi akiwa amelala, mpaka kinyozi akafuta uamuzi. Ndipo akakubali kuinuliwa. Samahani alikuwa analia. Baba akamwambia akirudia tena kumlilia mtu aliyemnyang'anya mpira kihalali, atamwondoa kwenye timu.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa mdogo, wakamfunga plasta ngumu. Daktari alipomuuliza ameumiaje, Baba alimjibu kwa fahari, "Nimekabwa." Daktari akafikiri ni vibaka, akataka kuita polisi. Ikabidi nieleze.

Lakini tulipotoka, kabla hajakupigia simu, alinitazama akasema, "Bafuni."

Nikasema, "Bafuni nini?"

"Nimeteleza bafuni."

Nawe ukaniita kwenye simu, ukaniuliza sakafu ya bafu langu ikoje. Nikasema inateleza, Mama. Ukaniagiza nikanunue mkeka wa mpira. Nimeununua, na nimeutandika. Lakini bafu langu halina kosa lolote, na Baba hakuteleza. Alinyang'anywa mpira na mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwa njia halali, mbele ya mashahidi. Nisamehe kwa kukudanganya.

Mechi yenyewe lazima nikusimulie, maana Baba atakusimulia pia na ataongeza chumvi. Alikaa kwenye benchi, mkono umening'inizwa shingoni, watoto wote wameuandika majina. Pikipiki alianza kama kawaida yake. Mara ya kwanza alipokuja upande wa Samahani, alipiga chenga za miguu, akatikisa mabega, akageuza kichwa. Samahani alikuwa amekunja magoti anatazama mpira tu, kama anayengoja maji yachemke. Pikipiki akaenda pembeni, akaenda pembeni zaidi, akajikuta ametoka nje ya mstari na mguu wake uko ndani ya ndoo ya maji ya kunywa ya timu yao. Mara ya pili alinyang'anywa na kuombwa radhi. Mara ya tatu vilevile. Kocha wao akasimamisha mchezo akalalamika kwa refa kwamba msichana wetu anamtukana mchezaji wake. Refa akamwita Samahani akamuuliza anasema nini. Akajibu anasema samahani. Kwa nini? Kwa sababu nimemchukulia mpira wake. Refa akajikuna kichwa, akakosa sheria ya kumwadhibu nayo.

Mwishoni Pikipiki akahamia upande wa Zulia. Hapo nilifumba macho. Nilipofumbua, Zulia alikuwa amesimama, Mama, amesimama wima na mpira uko mguuni pake, yeye mwenyewe haamini, anatuangalia kama anauliza sasa nifanyeje. Benchi zima tukapiga kelele apige mbele. Akapiga. Filimbi ikalia. Sifuri kwa sifuri.

Kwa mara ya kwanza tangu timu izaliwe hatukufungwa hata goli moja. Watoto walimkimbilia Baba wakamzunguka wakiruka, mpaka wenzao wa ng'ambo wakaja kuuliza tumeshinda kombe gani. Kinyozi alikuwa amekaa peke yake ameinamisha kichwa. Mechi isiyo na goli kwake ni msiba.

Mama, kama ni hayo tu ningeishia hapa na kukuomba radhi kwa ajili ya bafu. Lakini lipo jingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Goti limepona. Halikupona jana wala juzi. Lilipona kabla ya mkono kuumia, kabla hata Zulia hajajifunza kusimama. Daktari wa goti alilipindapinda, akafurahi, akamwambia Baba lolote analofanya jioni aendelee nalo, na anaweza kurudi nyumbani wakati wowote. Tulipofika nje ya geti Baba akanishika kiwiko akaniambia nisikuambie. Ndiyo maana kila ulipouliza atarudi lini, jibu lilikuwa bado kidogo, daktari anataka kuliangalia tena. Hakuna daktari anayetaka kuliangalia.

Nilikasirika, nikidhani anakukimbia. Sikumuuliza mpaka siku ya mechi, watoto walipokwisha kutawanyika tukabaki wawili kwenye benchi. Akachezea plasta yake kwanza. Kisha akasema wewe ni mtu mwema sana, na hilo ndilo linalomshinda. Akasema akiinuka unamuuliza anakwenda wapi. Akishika ufagio unampokonya. Akitaka chumvi unamletea kabla hajanyoosha mkono. Akasema, "Ghalani watu walikuwa wananiuliza mimi kila kitu kiko wapi. Sasa nyumbani kwangu sijui hata chumvi inakaa wapi. Nikirudi nitakaa kwenye kiti, mama yako atanifunika shuka miguuni, na sitainuka tena."

Sikuandikii hivi kukulaumu, Mama. Mimi mwenyewe nilimnunulia kiti. Wote wawili tuliogopa kumpoteza, tukamhifadhi kama vyombo vya wageni. Nililia kidogo pale kwenye benchi, naye akaniambia nikafute uso, wapinzani bado hawajaondoka wote.

Tumeongea, na amekubali kurudi Jumapili ya wiki ijayo. Nitampakia basi mwenyewe. Akishuka, mpokee begi kubwa tu, kwa sababu ya plasta. Atakuwa pia na mfuko wenye mpira, huo atataka kuushika mwenyewe. Ukimwona anatoka, mwache atoke, hata kama umeshafika mlangoni na swali liko mdomoni. Na chumvi, tafadhali, mwonyeshe inakaa wapi. Halafu, usiku wa kwanza mkiwa mnakula, sema tu kama jambo lililokupitia kichwani kwamba watoto wanaocheza nyuma ya posta wanafungwa magoli mengi mno, na hakuna mtu wa kuwasaidia mabeki. Usiseme zaidi. Kama si kweli, Mungu atatusamehe, ingawa nilivyowaona mara ya mwisho nilipokuja, naamini ni kweli tupu.

Mama yake Samahani anakusalimu, na anasema plasta isiloweshwe. Mama yake Zulia anakushukuru kwa kutuazima mumeo. Kinyozi naye anakusalimu, ingawa bado ana huzuni. Nisalimie mama mdogo na wote wanaoniulizia. Nami ukinijibu, hata kwa kunigombeza, nitafurahi kuuona mwandiko wako.

Baba ameingia sasa hivi akaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia Mama. Amesimama nyuma yangu, nimeziba karatasi kwa mkono. Kisha akasema nikuambie amekukumbuka, ila niandike kama ni mawazo yangu, yasionekane yametoka kwake.

Kwa hiyo, Mama, haya ni mawazo yangu mwenyewe: Baba amekukumbuka sana.

Wako mtiifu, kuanzia leo,
Mwanao wa mwisho